Mafundi wa Hewa ya Usiku

Mvuvi wa Kunduchi hahitaji kalenda kujua kwamba kaskazi imeingia. Kuanzia Desemba hadi Machi upepo hutoka upande wa Arabuni na Bara Hindi. Baada ya maleleji kusi hushika, ikitokea kusini mwa Bahari ya Hindi. Asichoweza kukiona mvuvi ni kwamba pepo hizo mbili hazibebi hewa ya aina moja. Kaskazi hutoka nusu ya dunia yenye sehemu kubwa ya mifugo, mashamba ya mpunga, visima vya gesi na majalala, hivyo huja na gesi ya methani zaidi. Kusi imepita maelfu ya kilomita juu ya bahari tupu.

Wapo wanaoipima tofauti hiyo, na kazi yao ni ufundi wa kuvutia. Kituo chao mashuhuri katika ukanda wetu kiko Mlima Kenya, mita 3,678 kutoka usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya inakiendesha tangu 1999.

Usidhani kwamba ni kufunga mashine na kuiacha ijifanyie kazi. Mchana jua hupasha mteremko, na hewa ya chini hupanda nayo: moshi wa kuni, cheu ya ng'ombe, unyevu wa msitu. Ukipima saa nane mchana umepima miji ya Nanyuki na Naro Moru. Usiku mlima hupoa, hewa hushuka, na kituo hubaki kimezungukwa na hewa iliyosafiri kutoka mbali. Fundi anayeitafuta kaskazi basi huchukua vipimo vya usiku na kuviweka kando vya mchana, hata vikiwa safi. Kujua cha kuacha ndiyo kazi yenyewe.

Kwa miaka kadhaa hewa ya huko ilitiwa pia katika chupa za kioo, mbili mbili, zikapelekwa maabara ya Boulder, Marekani. Mjazaji husimama upande upepo unakoelekea ili pumzi yake isiingie. Chupa pacha zikipishana majibu, zote hutiwa shaka. Siku hizi zipo mashine za leza: mwanga hurushwa huku na huko kati ya vioo ndani ya kijumba kidogo mpaka ukamilishe kilomita kadhaa, na kasi ya kufifia kwake hueleza methani ni kiasi gani. Hata mashine hiyo haiaminiwi hivi hivi. Hulishwa gesi ya mitungi ambayo kiwango chake kinajulikana, na wakaguzi wa Empa, taasisi ya Uswisi, huja kuihakiki.

Ukali huo una sababu. Katika kila molekuli bilioni moja za hewa, methani ni kama 1,900 tu, na kaskazi na kusi hupishana kwa makumi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linataka vituo visitofautiane kwa zaidi ya 2.

Asia mambo ni mengine. Huko pepo za msimu hunyanyua methani ya mipunga na vinamasi zaidi ya kilomita kumi juu, na kituo cha Waliguan, China, hupata kilele chake katika majira yao ya joto. Kwetu upepo haunyanyui sana. Unabadilisha hewa yenyewe.

Dar es Salaam nayo inachangia methani hiyo. Jalala la zamani la Mtoni liliwekewa mabomba ya kuvuna gesi chini ya Itifaki ya Kyoto, na jalala la Pugu bado linafuka. Methani hudumu angani takriban miaka 9, hivyo ya Pugu huishia kuwa ya dunia nzima.

Vipimo vya chupa za Mlima Kenya, na vya Mahé, Shelisheli, vinakokusanywa tangu miaka ya 1980, viko wazi kwa yeyote, bure. Mwalimu wa jiografia wa Mbagala, vichukue, uwape wanafunzi wachore grafu ya mwezi kwa mwezi. Wataiona kaskazi ikiingia.