Maoni ya Watazamaji katika Video ya Muziki ya Wanafunzi

Kwa miaka kadhaa, video ya muziki ilikuwa kazi ya vitendo iliyopendwa sana katika somo la vyombo vya habari la ngazi ya A-level nchini Uingereza. Bodi ya mitihani ya OCR, katika moduli yake ya G324, iliitaka iambatane na kazi mbili ndogo za kuitangaza albamu, kama vile jalada na tangazo la jaridani. Kisha mwanafunzi alijibu maswali manne ya tathmini, na la tatu liliuliza amejifunza nini kutokana na maoni ya watazamaji.

Maoni hayo huwa na faida yakikusanywa mapema. Kinachofaa kuonyeshwa ni toleo la awali: wimbo mzima, shoti zimeshapangwa, rangi bado hazijarekebishwa. Mtengenezaji haelezi chochote kabla, maana video ikishatoka haitakuwa naye pembeni. Swali la "Mmeipenda?" huzaa sifa tupu. "Ulianza kuchoka wapi?" humfikisha mhariri kwenye sekunde inayohusika.

Mtazamaji husema dalili. Kutafuta chanzo ni kazi ya mhariri. Chukua lalamiko la kawaida: "Anaonekana haimbi kweli." Hapo kwanza hukaguliwa kama midomo inakwenda na sauti. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 40. Pendekezo BT.1359 la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu (ITU) linaonyesha kwamba watu huanza kugundua kasoro sauti inapoitangulia picha kwa takriban milisekunde 45, lakini ikichelewa hawagundui hadi ifike kama 125. Kwa hiyo fremu mbili za sauti kutangulia huonekana, ilhali mbili za kuchelewa hupita. Mhariri hulinganisha mawimbi ya sauti ya pleibeki (wimbo uliopigwa wakati wa kurekodi) iliyonaswa na kamera na yale ya wimbo wa studio, kisha huhakiki kwenye herufi p, b na m, ambapo midomo hufumba kabisa.

Vyote vikilingana na lalamiko likabaki, tatizo ni uimbaji wenyewe. Mwanafunzi mwenye haya hunong'ona mbele ya kamera, hivyo shingo haikazi na kifua hakipandi wakati wimbo unasikika kwa nguvu. Uhariri hauponyi hilo. Shoti inarudiwa, pleibeki ikifunguliwa kwa sauti kubwa na mwimbaji akiimba kweli.

"Inachosha katikati" mara nyingi huelekeza kwenye ubeti wa pili unaorudia shoti za ubeti wa kwanza. Kukatakata haraka zaidi ni dawa dhaifu. Bora kubakiza mandhari moja mpya kwa ajili ya ubeti huo.

"Sielewi" huhitaji uangalifu zaidi. Mwananadharia wa video za muziki Andrew Goodwin, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alionyesha kuwa picha zinaweza kufuata maneno ya wimbo, kuyaongezea maana, au kwenda kinyume nayo. Kama ukinyume ulikusudiwa, lalamiko la mtu mmoja halitoshi kuubomoa. Wengi wakipotea mahali pale pale, shoti moja ya kuwaelekeza inahitajika.

Toleo lililorekebishwa huonyeshwa kwa watazamaji wapya. Wale wa mwanzo wameshaijua hadithi, hivyo hawawezi tena kuthibitisha kwamba inaeleweka.