Kutahayarisha si Kufedhehesha: Uhakiki wa Visawe katika Kamusi na Darasani

Katika mazoezi ya msamiati, mwanafunzi akiulizwa kisawe cha "fedhehesha" hutaja aibisha, tahayarisha, tia haya na umbua, na yote hupewa vema. Akiulizwa kisawe cha "babaisha" hutaja kanganya, fadhaisha na tia wasiwasi, na hayo nayo hupewa vema. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuonyesha kwamba vema hizo nyingi hazistahili, na kwamba kosa halianzi kwa mwanafunzi.

Tuanze na kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotoka mwaka 1981 na kurudiwa mwaka 2004 na 2013, imetufaa sana sisi walimu, na hatuna nia ya kuibeza. Hata hivyo, mtindo wa kufuatisha fasili na visawe, ambao kamusi zetu nyingi zinautumia, una hatari yake. Msomaji hutoka neno moja akaenda la pili, la pili likampeleka la tatu, na la tatu likamrudisha alikoanzia. Amejua kwamba maneno hayo ni jamaa moja, lakini hakujua nani baba na nani mjomba.

Kwa maoni yetu, vitenzi hivi vina makundi matatu. Kundi la kwanza hugusa moyo: kutia wasiwasi, kufadhaisha, kutia kiwewe. Hapa mtu hukosa utulivu, mara nyingi kwa jambo ambalo bado halijatokea. Kundi la pili hugusa akili: kukanganya, kutatiza, kuduwaza, na kubabaisha kwa maana yake moja. Kundi la tatu hugusa uso wa mtu mbele ya watu: kutia haya, kutahayarisha, kuaibisha, kufedhehesha, kuumbua.

Sentensi chache zatosha kuwa mizani. Twaweza kusema "fomu ile ilinikanganya", lakini "fomu ile ilinifedhehesha" haisemeki, isipokuwa kama ilisomwa hadharani na siri zangu zikajulikana. Vilevile, "sifa zilimtahayarisha bibi harusi" ni sentensi safi, kwa kuwa hata jambo jema huweza kumfanya mtu ainamishe uso. Weka "zilimfedhehesha" mahali pake, na msikilizaji atauliza ni sifa gani hizo. Kufedhehesha kunahitaji kasoro iliyofichuliwa, ilhali kutahayarisha hakuhitaji kasoro yoyote.

Asili ya maneno nayo yatusaidia. Tahayari limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kupotewa na la kufanya. Kumbe yule anayetahayari alianza kwa kuchanganyikiwa, ndipo akaona haya. Neno limetoka kundi la pili likahamia la tatu. Wasiwasi pia ni la Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono: kitu kinachosemwa chini chini ndani ya nafsi. Umbua lina mnyambuliko wa kutendua, kama funga na fungua: aliyeumbuliwa ni kama aliyevuliwa umbo alilokuwa nalo machoni pa watu. Babaisha nalo limesafiri. Mbabaishaji wa leo si mtu anayewakanganya wenzake tu. Ni mtu asiye na uwezo anaoudai, anayeficha upungufu wake kwa maneno mengi. Mwalimu asiyeeleza safari hiyo humwachia mwanafunzi nusu ya neno.

Kwa wanafunzi wetu wa Yoba mjini Gitega, na wa Muyinga, jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu kwao Kiswahili na Kirundi hulala nyumba moja. Kirundi kina "isoni", ndugu wa "soni" ya Kiswahili. Isoni hubeba haya, ambayo ni sifa njema ya mtu mwenye adabu, na hubeba pia aibu, ambayo hakuna anayeitamani. Kwa hiyo "yaranteye isoni" huweza kuwa "alinitia haya", na huweza kuwa "aliniaibisha". Kitenzi hicho hicho hutumika katika "yaranteye ubwoba", yaani "alinitia hofu".

Je, kuna hasara gani mtu akichagua vibaya? Tuwafikirie wakalimani. Kuanzia mwaka 2015 Warundi wengi walikimbilia Tanzania, wakapokewa katika kambi kama Nyarugusu mkoani Kigoma. Mtu wa namna hiyo anapohojiwa, maneno yake hupita katika Kiswahili kabla ya kuandikwa kwa lugha nyingine. Mama akisema jambo lililomvunjia utu, na mkalimani akaandika "alimbabaisha", shauri zito limekuwa dogo. Akisema alionewa haya tu, na ikaandikwa "alifedheheshwa", mtu mwingine ametwikwa kosa asilolitenda. Aliyefundishwa kwamba maneno hayo ni visawe atafanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Darasani nako kuna la kujihakiki. Nchini Burundi wapo wanaolitumia jina "Mswahili" kwa maana ya mjanja asiyeaminika. Mtoto wa mitaa ya Waswahili huja shuleni akiwa amekwisha kutiwa haya kwa ajili ya lugha yake. Mwalimu anayecheka matamshi yake mbele ya wenzake hasemi kwamba amemfedhehesha, husema amemrekebisha. Huo nao ni uteuzi mbaya wa neno.

Tunapendekeza mambo mawili. Mosi, maswali ya "taja kisawe" yapunguzwe, na badala yake mwanafunzi apewe sentensi mbili aeleze kwa nini neno moja linakaa na jingine linakataa. Pili, watunga kamusi waongeze mifano ya matumizi katika vitomeo vya hisia, hata kama itawabidi kupunguza visawe. Kisawe humwonyesha msomaji jirani wa neno. Mfano humwonyesha neno lenyewe likifanya kazi.