Zana Laini za Fundi Baruti

Ukisimama Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa, ukainua macho, utaona enzi mbili za mawe zimebanana ukuta kwa ukuta. Nyumba kongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Baina yao zimeota ghorofa za zege, nyingine ndefu kuliko uchochoro unavyoweza kustahimili. Jiwe la nyumba kongwe lilichongwa kwa mkono. Kokoto iliyo ndani ya zege ilianza safari yake kwa kishindo. Nyuma ya Mombasa, kwenye ukanda wa mawe ya chokaa unaopita Kokotoni na Kambe hadi Jaribuni, mwamba hutobolewa matundu, ukajazwa baruti, ukalipuliwa, ukasagwa, kisha malori yakaishusha kokoto mjini. Lori tunalijua, na tunalilaani linapotuzibia njia. Ninayetaka kumsifu ni mtu aliyepiga magoti juu ya tundu kabla ya kishindo, na hasa vitu alivyoshika mkononi.

Zana zake hazitishi. Kuna mti mrefu mwembamba. Kuna utepe wa kupimia wenye timazi ya shaba, faneli, kisu kisichotoa cheche, koleo ya kubania fataki, kioo cha mkono, na ndoo ya kokoto ndogo zenye makali. Mtu aliyetarajia kuona mitambo ya kutisha ataondoka amevunjika moyo. Karibu kila zana hapo imechaguliwa kwa sababu ni laini kuliko jiwe: mbao, shaba, plastiki, pamba. Mwamba umeshatobolewa kwa chuma na kelele. Sasa chuma kimesogezwa kando, na kazi iliyobaki ni ya upole mtupu.

Upole huo ulinunuliwa kwa maisha ya watu. Miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo za baruti kuvunja mwamba migodini ni ile ya Schemnitz, mji ambao leo uko Slovakia, ambako Kaspar Weindl aliilipua Februari 1627. Kwa muda mrefu baada ya hapo, fundi alishindilia udongo juu ya baruti kwa mtaimbo wa chuma, huku sindano ndefu ya chuma ikiwa imechomekwa katikati ili, ikichomolewa, ibaki njia ya kupitishia moto. Chuma kikikwaruza jiwe gumu hutoa cheche, na aliyekuwa ameinama juu ya tundu hakupata nafasi ya kujuta. Ndipo sindano za shaba zikaanza kuchukua mahali pa zile za chuma. Mwaka 1831 William Bickford, mfanyabiashara wa ngozi wa Cornwall huko Uingereza, akaleta utambi wa usalama: uzi wa baruti ndani ya kamba iliyosokotwa, unaoungua kwa mwendo unaojulikana, hivi kwamba fundi anaweza kuuwasha akaondoka kwa miguu yake. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia alipokuwa akimtazama msokota kamba kazini. Nalipenda simulizi hilo, maana linaonyesha fundi mmoja akimwokoa mwingine bila kujua.

Mtaimbo ulichelewa kuondoka. Tarehe 13 Septemba 1848, huko Cavendish katika jimbo la Vermont, Marekani, msimamizi wa ujenzi wa reli aitwaye Phineas Gage alikuwa akishindilia tundu kwa mtaimbo wenye urefu uliozidi mita 1 na uzito wa kilo 6 hivi. Baruti ililipuka, mtaimbo ukaingia chini ya shavu ukatokea utosini. Gage akaishi miaka mingine 11 na zaidi, na wataalamu wa ubongo wameandika juu ya fuvu lake hadi leo. Mtaimbo nao umehifadhiwa pamoja na fuvu hilo huko Harvard. Ungekuwa mti, hakuna mwanafunzi wa udaktari ambaye angelijua jina la Gage.

Wapiga mizinga walikuwa wameshalielewa jambo hili. Kutoka Kuze hadi Ngome Kuu ya Mombasa, Fort Jesus, ni mwendo mfupi wa miguu, na nikiipita mizinga yake mikongwe, jicho langu hutafuta visivyokuwepo: vifaa vya mbao na ngozi vilivyoilisha. Wareno walianza kuijenga Ngome mwaka 1593. Waomani waliizingira kuanzia 1696 hadi ilipoanguka 1698, na mwaka 1875 meli za Waingereza ziliipiga ili kumtoa Muhammad bin Abdalla, akida aliyekuwa amemwasi Sultan Barghash. Mzinga wa zamani ulijazwa kwa mdomo, na kila hatua ilikuwa na mti wake. Kwanza ilipita brashi ya ngozi ya kondoo iliyoloweshwa maji, hadi mwisho kabisa, ili kaa lolote lililosalia lizimike. Kikafuata kijiko kirefu cha shaba chenye baruti, kisha mdeki wa mbao wa kuisukuma. Wakati wote huo mtu mmoja alikuwa ameziba tundu la utambi kwa kidole gumba kilichovikwa ngozi, hewa isije ikapita ikapulizia kaa lililojificha. Kazi ya mtu mzima, na si ndogo: kuziba tundu kwa kidole, bila kukiondoa hata mara moja.

Ngome hiyo hiyo ina mzinga wa Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoizamisha Pegasus huko Zanzibar Septemba 1914 na yenyewe ikaishia Rufiji 1915. Mzinga huo hujazwa kwa nyuma, kupitia mlango wa chuma, na katika mizinga ya aina hiyo kijiko na kidole gumba havina kazi tena. Sehemu kubwa ya ustadi imehamia kiwandani. Lakini tundu la mwamba halina mlango wa nyuma. Litaendelea kujazwa kwa mdomo, kutoka juu kwenda chini, kwa kitu kirefu na mkono wenye subira. Kwa hesabu yangu, mrithi halali wa mpiga mzinga wa Ngome hayumo jeshini. Yuko machimboni, amevaa kofia ngumu iliyojaa vumbi jeupe.

Mtazame afikapo kwenye tundu. Hamimini kitu. Anatoa kioo, analitega jua, anaupeleka mwale chini. Kwa jua la Pwani la saa nne asubuhi, kioo kidogo cha kunyolea ndevu kinatosha kumwonyesha maji yaliyokaa chini, ufa ubavuni, au jiwe lililodondoka likakwama katikati. Kisha anashusha timazi. Ikitua juu ya mwamba anausikia mgongano kwenye utepe. Ikitua topeni utepe unalegea kimya. Kina kinaandikwa, kikalinganishwa na kilichopangwa. Tundu lililozidi hurudishiwa kifusi hadi lifike kimo chake. Lenye maji hupewa baruti isiyodhuriwa na maji, iliyofungwa katika vipande. Tundu asiloliridhia huachwa, hata kama mwenye chimbo ameshalilipia dizeli ya kulitoboa.

Kinachotangulia ni kipande cha baruti kilichobeba fataki, kile kiwashio kidogo cha mlipuko. Hiki hakisukumwi. Huteremshwa kwa uangalifu hadi kilale mahali pake, na mti wa kushindilia haukigusi. Hapo hapana mjadala. Wachimbaji wa zamani walikuwa wakiibana fataki kwenye utambi kwa meno, na ninapoiona koleo ndogo ya kubania naiheshimu kuliko mashine nyingi zenye injini. Siku hizi mahali pengi utambi umepisha mrija wa Nonel, uliotokana na kazi ya Per-Anders Persson na wenzake wa kampuni ya Nitro Nobel huko Sweden. Ni mrija mwembamba wa plastiki uliopakwa ndani vumbi jepesi la kilipuzi. Mshtuko husafiri ndani yake kwa kasi ya karibu mita 2,000 kwa sekunde, na mrija wenyewe haupasuki. Kwa kuwa hautegemei waya wa umeme, redio na simu za watu haziutii wasiwasi kama zilivyoutia mtindo wa waya. Uvumbuzi wa ajabu kweli. Hata hivyo moyo wangu uko na faneli na mti.

Mawe ya chokaa yana hila yake. Maji ya mvua huyala kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka, yakaacha mapango na mifereji ambayo huko juu haionekani. Hapa ndipo fundi anapotengana na mmiminaji. Anaziteremsha chembe za baruti kwa kipimo, kama muuza kahawa anavyojaza vikombe kutoka kwenye dele lake bila kumwaga tone, na kila baada ya kipimo anashusha timazi tena. Kiasi fulani lazima kipande kimo fulani. Kisipopanda, maana yake baruti inatorokea pangoni. Angeendelea kumimina, nguvu nyingi kupita kiasi zingerundikana mahali pamoja, na badala ya mwamba kupasuka na kulala, mawe yangeruka hadi mashambani na juu ya mapaa ya watu. Fundi anasimama hapo hapo. Analiziba lile pango, anarudishia kokoto, anaanza upya juu yake. Anachokitegemea wakati huo ni utepe, kipande cha shaba na uaminifu wa kusoma namba ilivyo, asiisome anavyotamani iwe.

Sasa mti. Ulio mzuri ni mnyoofu, hauna fundo, umepigwa msasa, umetiwa alama za kina, na ncha yake ni bapa. Hauna msumari wala pete ya chuma. Siku hizi ipo ya plastiki maalumu isiyolimbikiza umeme, inayounganishwa vipande kwa vipande kwa viungo vya shaba ili ifike kwenye matundu marefu. Mbao ina faida ambayo hakuna karatasi ya kiwanda iliyoiandika: inaleta habari mkononi. Kupitia mti fundi anajua kwamba kipande kimekaa, kwamba kingine kimeshika ubavuni, kwamba hiki kinahitaji msukumo mdogo wa pili na kile kiachwe. Hapigi. Anaukandamiza uzito wake taratibu, na msaidizi akitia haraka huambiwa asubiri.

Juu ya baruti huja kokoto za kuzibia, na hapa wajuzi wa nusu hucheka. Wanauliza kwa nini zinunuliwe kokoto wakati vumbi la kekee limejaa kando ya tundu, la bure. Lakini vumbi laini hupulizwa nje mara tu gesi inaposukuma. Kokoto zenye pembe kali, kila moja ikiwa na upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya upana wa tundu, hufanya kinyume: kadiri zinavyosukumwa ndivyo zinavyokabana, zikalikaba koo la tundu. Gesi inakosa njia ya juu, inalazimika kufanya kazi ubavuni, ndani ya mwamba, pale ilipotakiwa. Kimo cha kokoto hizo kwa kawaida huwa mara 20 hadi 30 ya upana wa tundu, kwa hiyo tundu la milimita 100 hufungwa kwa mita 2 au 3. Tajiri wa chimbo huziona mita hizo kama shimo lisilotumika. Wenye kiherehere huzipunguza wakaongeza baruti, wakapata kishindo kinachosikika mbali, vumbi refu angani, na mawe makubwa yasiyoingia kwenye mashine. Kishindo kikubwa ni nguvu iliyopotelea hewani. Baruti iliyofungwa vizuri huunguruma chini, mwamba unavimba, unasogea mbele, unalala.

Yapo mengine madogo. Nguo ni za pamba, kwa kuwa nailoni inayosuguana hukusanya umeme. Baruti inapopulizwa kwa mpira wa hewa, mpira huo lazima uwe wa aina inayoupitisha umeme uende ardhini. Hakuna sigara, na masanduku ya fataki hukaa mbali na ya baruti. Kenya inayo Sheria ya Vilipuzi, sura ya 115, na bila kibali mtu haruhusiwi kuzigusa kazi hizi. Sheria ni njema. Ila hakuna mkaguzi anayeweza kukaa ndani ya kila kiganja kuona kama mti umekandamizwa au umepigwa.

Baada ya mlipuko watu hungojea moshi wenye sumu uondoke, kisha fundi hutangulia peke yake kukagua. Anatafuta mrija ambao mshtuko haukupita au kipande kilichosalia. Tundu lililokataa kulipuka halichokolewi, na kekee hairudishwi humo. Wote hukaa mbali hadi lishughulikiwe kwa utaratibu wake, hata kama siku nzima ya kazi itapotea. Akiridhika ndipo mashine za kuzoa huingia.

Hukumu ya mwisho hutolewa na mtu ambaye huenda hakuwahi kumwona fundi akipiga magoti: mwendesha mashine ya kusagia. Yeye huyaona mawe yakimjia. Yakiwa ya ukubwa unaolingana, mashine husaga bila kukwama na malori huondoka mapema kuelekea Mombasa. Yakija majabali, itabidi yavunjwe tena kwa nyundo ya mashine, saa kwa saa, na yeye atainua kichwa aulize ni nani aliyejaza matundu leo.