Mashine Inayojizima Yenyewe

Siku hizi mashine ikijizima na kujiwasha yenyewe, watu hushukuru. Kioo kimerudi, pampu inazunguka, nani ana haja ya kuuliza zilipotelea wapi zile sekunde chache? Hapa Kolwezi, mji ambao shaba yake huongozwa na otomati, kompyuta ndogo za viwandani, kuanzia kisagio cha mawe hadi sahani zinazopakiwa kwenye malori, nimeona chumba kizima cha mitambo kikishusha pumzi kwa sababu tu taa ya kijani imewaka tena. Nami huwakumbuka mafundi ambao taa ile ya kijani ndiyo iliyowakosesha usingizi.

Mmoja wao bado yupo, anakaa mtaa wa Manika, mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Vijana wakishindwa humfuata. Akifika hafungui begi. Anauliza saa. Ilijizima saa ngapi? Mvua ilikuwa inanyesha? Pampu ipi kubwa ilikuwa inaanza? Nani alikuwa anachomelea chuma karibu?

"Papa, tuizime tu, tuiwashe, itakuwa muzuri," kijana anasema.

"Usiguse kwanza, mwana. Ukiiwasha, imesahau."

Kweli husahau. Ndani ya otomati kuna saa ndogo inayohesabu kwenda sifuri, na programu inatakiwa kuirudisha mwanzo kila mara kabla haijafika. Ni kama mlinzi wa usiku anayepaswa kugonga kengele kila saa: kengele isiposikika, bwana wake anajua amelala au amepatwa na jambo, anatoka kwenda kumwamsha. Programu ikikwama, saa inafika sifuri, mashine yote inaanzishwa upya. Utaratibu mzuri, umeokoa mitambo mingi. Ila saa hiyo haisemi sababu, na mara nyingi kule kuanza upya kunafuta kilichokuwa kwenye kumbukumbu. Fundi anabaki na swali: programu ilikwama yenyewe, au umeme ulipungua, au waya ulilegea?

Umeme wetu una safari ndefu. Sehemu hutoka jirani, Nzilo na Nseke, mabwawa ya miaka ya 1950 kwenye mto Lualaba. Sehemu hutoka Inga, kwa njia ya kilomita 1,700 iliyokamilika mwaka 1982, ukifika Kolwezi kama mkondo mnyoofu na kugeuzwa hapa hapa. Radi ikipiga njiani, huko Kasai, huku volti huweza kushuka kwa muda ambao jicho la mtu halioni. Otomati huona. Kisanduku kinachoilisha mara nyingi kina akiba ya sehemu 20 tu katika 1,000 za sekunde, yaani wimbi moja la umeme wa hezi 50. Ndiyo maana mzee anauliza habari za mvua.

Lakini kazi yenyewe anaianza kwa vidole. Akishahakikisha umeme umekatwa, anafungua kabati, ananusa (kabati lenye kasoro lina harufu yake, wala si lazima iwe ya kuungua), kisha anavuta waya mmoja mmoja kwa vidole viwili. Anavuta taratibu, bila kuruka hata mmoja, hata ule uliofungwa jana na mtu anayemwamini. Waya uliokazwa sawasawa haujibu. Uliolegea unasogea unene wa ukucha, naye anaguna, "Ehee." Shaba ni laini. Ukiibana kwa skrubu leo, polepole inajisogeza chini ya ule mbano. Joto la mchana na baridi ya usiku wa Juni vinaisukuma huku na huku, mtetemo wa kisagio unamalizia. Baada ya miaka michache skrubu iliyokazwa kwa haki kabisa imebaki inaelea, na pampu kubwa ikianza kutikisa sakafu, mguso unakatika na kurudi kabla mtu hajageuza shingo. Ukienda kupima, unakuta kila kitu kizima.

Karibu na ukumbi wa elektrolisisi kuna adui mwingine. Mvuke wa asidi hupenya hata kwenye kabati linalodaiwa kufungwa, na ncha za waya huota ukoga wa kijani na samawati. Ni rangi za mawe yale yale ambayo wafua shaba wa kabila la Sanga waliyafuata vilimani karne nyingi zilizopita, wakiyachoma wakati wa kiangazi. Tunabomoa mlima mzima kuitoa shaba kwenye jiwe, halafu ndani ya kabati letu wenyewe inaanza kurudi kuwa jiwe. Mzee hukata ncha ile, humenya waya upya, hukaza. Hajawahi kunionyesha ncha iliyokatwa kama ushahidi, huitupa tu.

Mawasiliano yakikatikakatika kati ya otomati moja na nyingine, anatoa multimita. Kwenye waya unaoziunganisha kunatakiwa kizuizi cha omu 120 kila mwisho, viwili tu. Anapima: 60, safi. Siku moja mita ilisoma 40. "Kuna cha tatu," akasema, akaanza kutembea kufuata kebo, hadi kwenye kisanduku cha katikati ambako mtu alikuwa amekiongeza, pengine kwa nia njema. Kadi mbili mpya za otomati zilikuwa zimeshawekwa bure.

Anayedhani huu ni ushamba wa wazee wa Katanga aangalie Pathfinder, chombo cha Marekani kilichotua Mirihi tarehe 4 Julai 1997, ambacho kompyuta yake ilianza kujianzisha upya siku chache baadaye. Wahandisi walimwendesha pacha wake aliyebaki duniani hadi naye akajizima vilevile, wakasoma nyayo alizoacha: kazi ndogo ya vipimo vya hewa ilishikilia kitu ambacho kazi kubwa ilikuwa ikikisubiri. Hawakuweza kupeleka kadi mpya Mirihi. Ilibidi waelewe.

Sisi tuliacha kuelewa kwa awamu. Gécamines ya miaka ya 1980, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ilikuwa, mzee anasimulia, na daftari kwa kila zamu: saa, hali ya hewa, kilichosikika, kilichoguswa, jina la aliyegusa. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka chini ya ardhi mwaka 1990, mishahara ikakauka, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaagwa kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Kila mmoja alihesabiwa miaka yake ya kazi. Alichokijua hakikuhesabiwa, kikatoka getini pamoja naye.

Katika kiwanda kimoja nilichotembelea, daftari sasa ni fomu kwenye kioo. Sababu ya kusimama unaichagua kwa kubofya: umeme, programu, nyingine. Nafasi ya kuandika mvua haipo. Niliteremsha ukurasa nikasoma: nyingine, nyingine, nyingine, na hatua iliyochukuliwa ni ile ile kila mstari, imewashwa upya. Kijana wa zamu aliniambia nisiwe na wasiwasi. Kadi mpya imeagizwa Afrika Kusini, itavuka mpaka wa Kasumbalesa wiki ijayo.