Mvita: Jina na Fasiri Zake

Aghalabu hudaiwa kwamba Mvita, jina la kale la kisiwa cha Mombasa, limetokana na vita. Hoja hiyo hutegemezwa kwenye mashambulizi ya Wareno, walioteketeza mji mwaka 1505 na kuushambulia tena mwaka 1528 na 1589. Fasiri hiyo yavutia, lakini ina kasoro mbili.

Kwanza, mapokeo ya wenyeji humtaja Shehe Mvita, aliyetawala baada ya Mwana Mkisi, malkia wa Kongowea. Na utawala wake huwekwa kabla ya kuja kwa Wareno. Pili, lahaja ya mji huitwa Kimvita, wala si Kivita. Umbo hilo pekee halithibitishi asili ya jina; laonyesha tu kwamba wasemaji hulichukua kuwa neno zima, pasipo kulitenga na kiambishi chake.

Jina la Mombasa nalo ni la kale: Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, aliliandika Manbasa. Lakini katika msemo wa mitaani, "Mombasa raha", limekuwa tangazo la starehe za wageni. Hivyo jina moja limefasiriwa kwa maafa, jingine kwa anasa, na katika fasiri zote mbili wenyeji wa Mji wa Kale hawamo. Uchunguzi wa majina haya hauna budi kuanzia kwenye mapokeo na matumizi yao, ndipo ulinganishaji wa sauti ufuate.