Maumivu ya Kichwa Horombo

Mkazi wa Mbagala au Tandale, jijini Dar es Salaam, akiumwa kichwa, akachafukwa na moyo na mwili ukamlegea, kwanza huwaza malaria. Kwa pwani ni wazo sahihi, akapime. Akipanda Kilimanjaro na wazo hilohilo, litamponza: ugonjwa wa mwinuko huanza kwa dalili hizohizo, naye atameza dawa mseto ya malaria, alale, kesho aendelee kupanda. Juu ya meta 2,500, dalili hizo zihesabiwe kuwa za mwinuko mpaka ithibitike vingine.

Kilele cha Uhuru kiko meta 5,895. Huko oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, sawa na Temeke, ila mgandamizo wa hewa umebaki takribani nusu. Mwili huhitaji siku kadhaa kuzoea, na mazoezi hayazipunguzi siku hizo. Nawahofia zaidi vijana wa klabu za jogging: miguu yao huwapandisha haraka kuliko mwili unavyozoea.

Tazama njia ya Marangu. Kambi ya Mandara iko kwenye meta 2,720 hivi, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kila usiku meta 1,000 zaidi, ilhali ushauri wa kitabibu, ukishapita meta 3,000, ni kutozidisha 500 kati ya usiku na usiku. Ndiyo sababu ya siku ya ziada Horombo: mchana mnapanda mpaka karibu meta 4,000, jioni mnarudi kulala chini. Kuifuta siku hiyo ili kuokoa ada ni kosa kubwa.

Kumtambua mgonjwa ndiko kugumu. Ukimuuliza hali, atasema yuko poa. Mpagazi anayehofia kukosa kibarua atasema hivyo kwa haraka zaidi. Basi usitegemee jibu lake, mtembeze. Chora mstari mahali tambarare, apite akigusisha kisigino na vidole vya mguu wa nyuma. Mwenzake mzima apite pia, muwalinganishe, kwani uchovu nao huyumbisha. Anayepepesuka, au anayeongea ovyo, huenda ubongo umeanza kuvimba. Anayehema akiwa ameketi, anakohoa au anatoa makohozi yenye povu la waridi, mapafu yanajaa maji.

Kichwa kikiuma tu, asipande. Apumzike hapo, anywe maji na parasetamo, akizidiwa, ashuke. Akiyumba au akihema ameketi, ashushwe wakati huohuo, hata iwe saa nane usiku. Kati ya tiba za kumpa akishushwa, oksijeni ipewe nafasi ya kwanza. Deksamethasoni husaidia ubongo, nifedipini mapafu, lakini hakuna inayochukua nafasi ya kushuka. Mwenye maji kwenye mapafu asitembezwe ikiwa machela ya gurudumu moja ipo, kwa kuwa kila hatua humwongezea mzigo. Wala asiachwe ashuke peke yake, hata akiapa kwamba anaweza.