Namba ya Mwisho kwenye Ripoti ya Titi

Mama anatoka kituo cha vipimo Kariakoo, ripoti ya altrasaundi mkononi. Mstari wa mwisho umeandikwa "BI-RADS 4". Nyumbani wanaisoma kuwa saratani hatua ya nne, na kilio kinaanza.

Sivyo. Hatua hupangwa saratani ikishathibitishwa. Namba hii inaeleza shaka ya daktari wa radiolojia na kipi kifuate. Chuo cha Radiolojia cha Marekani kiliutoa mpangilio wa BI-RADS mwaka 1993 kwa ajili ya mammografia, na mwaka 2003 kikaongeza altrasaundi.

Kwenye skrini, uvimbe wa maji huonekana mweusi tii, kuta nyembamba, nyuma yake kukiwa na weupe: huo ni 2, hauna madhara. Uvimbe wenye umbo la yai, uliolala sambamba na ngozi na kingo zake laini, kwa msichana mara nyingi ni fibroadenoma. Hupewa 3: uwezekano wa saratani hauzidi asilimia 2, arudi baada ya miezi 6. Unaotia hofu ni ule uliosimama, kimo kikizidi upana, kingo zina miiba na nyuma kuna kivuli.

Namba 4 yenyewe ni pana mno, kuanzia asilimia 2 hadi 95, ndiyo maana ikagawanywa: 4A haizidi 10, 4B hufika 50, 4C hufika 95. Ripoti isiyotaja herufi, kwa kweli, imemwachia mgonjwa giza. Namba 5 inavuka 95. 6 ni saratani iliyokwisha kuthibitishwa. Na 0, ambayo wengi huifurahia, maana yake picha hazijatosha. Isiyo na tatizo ni 1.

Kwa 4 na 5 hukatwa kinyama kwa sindano, chini ya ganzi, kikapimwe maabara. Kikithibitisha saratani, safari huelekea Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road, kwenye hospitali ya enzi za Wajerumani ufukweni. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60, lakini Watanzania wengi hufika wakiwa hatua ya tatu au ya nne.

Kabla ya kuondoka dirishani, hakikisha ripoti ina namba na herufi yake, upande wa titi, mahali uvimbe ulipo na ukubwa wake kwa milimita. Omba na picha pia: miezi 6 baadaye, daktari atalinganisha na hizo.